Nipimeni Nikiwa Wima

Karatasi yenyewe ina urefu wa hatua mbili na upana wa meza ya kulia chakula. Ni karatasi ya kaki ya vielelezo, ile ambayo wakataji wa nguo huitandika juu ya kitambaa ili mkasi ufuate mistari yake. Mwenyewe huiweka juu ya kabati la chumbani, imeviringishwa na kufungwa kwa kipande cha mpira wa kiunoni. Ukiifungua utaona mistari minane ya penseli. Yote huanzia chini upande wa kushoto, hupanda ghafla, kisha hujikunja na kwenda kulala karibu na ukingo wa juu. Fundi yeyote wa nguo angeapa kuwa ni kichwa cha mkono wa shati, pale unaposhonwa begani, kilichochorwa mara nane na mtu asiyeridhika. Angekosea. Ule ni moyo wa mwanamke aliyeichora, dakika kwa dakika, katika asubuhi nane zilizofuatana.

Kiwandani wanamwita Bi Chaki. Jina lilianza kama utani wa wageni wa kazi, waliomwona akizungumza na wakubwa huku kipande cha chaki ya bluu kimekaa juu ya sikio lake la kushoto, na likadumu hadi likabandikwa kwenye mlango wa kabati lake. Nyumbani ni Mama Mapacha. Mumewe, fundi bomba, ni Baba Mapacha, ingawa mapacha wenyewe sasa wana ndevu na wanaishi mbali. Wakati wa mambo haya Bi Chaki alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, na ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameimaliza akiwa amesimama.

Kiwanda hicho hushona sare. Chumba cha kukatia kina meza saba ndefu, kila moja ikimfikia mtu mzima kiunoni. Kitambaa hutandazwa juu yake tabaka juu ya tabaka, hata arobaini kwa mara moja. Kielelezo huwekwa juu, na mkataji huanza kazi. Kosa la nusu inchi katika tabaka la juu ni makosa arobaini ifikapo chini. Kwa hiyo palikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote, lakini kila mgeni aliisikia siku ya kwanza: mkataji hakai. Washonaji wa chumba cha pili hukaa, wapiga pasi huegemea, lakini mkataji akikaa, jicho lake huona mstari kwa ubavu na mkasi hupinda. Hivyo ndivyo alivyofundishwa Bi Chaki, na hivyo ndivyo alivyowafundisha wengine sita.

Mambo yalianza na homa ya wiki mbili, homa ya kawaida ya kifua, iliyokuwa imepita nyumba nyingi za mtaa wao. Yeye anasema ilimshika Jumatatu. Wifi yake, mdogo wa mumewe, anashikilia kuwa ilikuwa Alhamisi, maana ndiyo siku waliyogawiwa sabuni kiwandani na Bi Chaki hakuwepo kuchukua yake. Kadi ya zahanati inamuunga mkono wifi. Homa ilipoondoka, wote wawili wanakubaliana, kuna kitu kilibaki.

Kilichobaki kilikuwa hivi. Akiamka na kusimama, moyo ulianza kwenda mbio. Haukungoja ngazi wala mzigo. Alikuwa akitandaza kitambaa chake cha kwanza asubuhi, na moyo unakimbia kifuani, asema, kama cherehani iliyokatika uzi: sindano inapiga, inapiga, na hakuna kinachoshonwa. Pumzi zilikuja fupi fupi. Ilipofika saa nne, miguu ilikuwa mizito kama nguo zilizotoka kwenye maji, na herufi zilizo kwenye kielelezo zilianza kuogelea.

Wifi hushona kola katika chumba cha pili na hupita kwenye meza za kukatia kila siku kuchukua kazi. Ndiye wa kwanza aliyeona.

"Wifi, mbona unahema kama umefukuzwa na mbwa?"

"Moyo unakwenda mbio."

"Unamkimbilia nani? Kaka yangu yuko kazini, na yule hana mbio."

"Nakukimbia wewe na mdomo wako."

Walicheka. Wiki ya tatu wifi alimkuta amelala chini ya meza juu ya vipande vya kitambaa vilivyobaki, macho yamefumba, chaki bado iko sikioni. Hapo hakutania. Alikaa naye sakafuni mpaka pumzi ikarudi, na jambo ambalo hakuna kati yao aliyelitilia maanani wakati huo ni kwamba ilirudi haraka: dakika tano za kulala, na Bi Chaki akawa mzima kabisa.

Akaanza kutafuta jibu. Kadi yake, ambayo ameishona upya mara mbili kwa uzi mweusi pale ilipokatika kwenye mkunjo, ina mihuri tisa ya miezi saba. Zahanati ilitafuta malaria, haikuiona. Ilipima wingi wa damu, ikaukuta unatosha. Hospitali ilipima sukari, ikapima tezi ya shingo, ikapiga picha ya kifua. Mara tatu alibandikwa waya kifuani ili mashine ichore mwendo wa moyo, na mara tatu mashine ilichora milima midogo iliyopangana kwa adabu. Kila alipofika, utaratibu ulikuwa ule ule na sauti ilikuwa ile ile ya upole: "Karibu mama. Pole na safari. Lala hapo kwanza upumzike, tutakupima." Alilala. Alipumzika. Akapimwa, akaonekana mzima.

Katika muhuri wa saba ndipo daktari wa moyo alipoweka kalamu chini. Alikuwa mtu wa makamo, mstaarabu, mwenye foleni iliyofika hadi kwenye ngazi.

"Mama, moyo wako ni kama wa msichana. Vipimo vyote ni safi. Una mawazo."

"Mawazo gani, daktari?"

"Ya maisha. Ya nyumbani. Sote tunayo."

"Kama sote tunayo, mbona mimi peke yangu ndiye nisiyeweza kupanda ngazi zako?"

Daktari alitabasamu na kuandika vidonge vya usingizi. Bi Chaki alivimeza siku nne. Siku ya tano alivirudisha kwenye dirisha la dawa, akavisukuma chini ya kioo na kumwambia mtoa dawa: "Usingizi ninao. Ninachotafuta ni pumzi."

Muhuri wa nane ni wa mganga msaidizi aliyesema ni umri. Wa tisa ni wa mwingine aliyesema kama yule wa saba, kwa maneno machache zaidi.

Nyumbani hali haikuwa nyepesi. Baba Mapacha alipika, alifua, alibeba ndoo, na hakulalamika. Hilo analishuhudia hata dada yake, ambaye si mwepesi wa kumsifu. Lakini jioni moja, akimenya viazi, alisema, "Labda wanasema kweli, mke wangu. Labda ungepumzisha akili kidogo." Bi Chaki alimtazama mpaka kisu kikasimama.

"Hata wewe?"

"Sikusema unadanganya."

"Umesema naumwa kitu ambacho hakipo. Tofauti yake niambie, nami nitakumenyea viazi."

Miaka mingi baadaye mzee huyo alikiri, bila kulazimishwa, kwamba katika miezi ile alikuwa ameanza kuamini nusu. Aliomba liandikwe hivyo hivyo, nusu.

Msimamizi wa kiwanda aliitwa Bwana Tarehe, kwa sababu hakuna jambo lililokuwa kweli kwake mpaka liwe na siku. Hakuwa katili. Alimwita Bi Chaki ofisini, akamwonyesha kiti, na kumfungulia faili lake.

"Siku kumi na tisa hukufika, siku thelathini na moja ulilala chini ya meza. Mimi sikufukuzi, Bi Chaki. Ninataka karatasi. Ugonjwa wako unaitwaje?"

"Ningejua jina lake ningelikuja nalo."

"Hapa pana nafasi ya jina la ugonjwa. Nijaze nini?"

"Jaza moyo."

"Daktari ameandika moyo ni mzima."

Akampa barua. Ilisema kwamba ifikapo tarehe thelathini ya mwezi uliofuata alete hati ya daktari yenye jina la maradhi, na asipoileta atasaini kuacha kazi kwa hiari, kwa sababu ya kutomudu majukumu. Bi Chaki aliisoma mara mbili, akaikunja kwa mkunjo wa fundi, pembe juu ya pembe.

"Hiari ya nani?" aliuliza, akatoka.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa sare za wauguzi ziliporudishwa.

Hospitali ile ile ya mihuri ilikuwa imeagiza sketi na blauzi za wauguzi arobaini na wawili, kila mmoja kwa vipimo vyake. Zilirudi katika magunia, pamoja na maneno makali na orodha ya inchi zilizozidi kwa kila muuguzi. Sketi zilikuwa kubwa. Zilikuwa zikiteremka wauguzi wakitembea. Bwana Tarehe alikuja na gunia moja mpaka meza ya Bi Chaki na kulimwaga mbele ya wote.

"Nilikuonya. Mikono inatetemeka."

Bi Chaki alikuwa ameegemea meza kwa viwiko viwili, anahema, na wenzake wanasema midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alichukua sketi, akaipima kwa futi ya kamba. Akachukua nyingine, ya tatu, ya kumi. Akaomba blauzi. Akaomba fomu za vipimo na ile orodha ya malalamiko.

"Mabega ya blauzi ni sawa?" akamuuliza Bwana Tarehe.

"Blauzi hazina tatizo."

"Mikono sawa, kifua sawa, urefu wa sketi sawa. Kiuno kimezidi inchi moja, nyonga zimezidi inchi mbili. Kwa wote arobaini na wawili. Bwana mkubwa, mkono unaotetemeka hukosea ovyo. Haukosei kwa mpango."

"Basi nani amekosea?"

"Ngoja. Wifi! Njoo huku."

Wifi alikuja na kola mkononi. Bi Chaki alimpima nyonga akiwa amesimama, akaitaja namba kwa sauti.

"Itangaze na redioni," alisema wifi.

"Kaa kwenye kiti hicho."

Wifi alikaa. Bi Chaki alizungusha futi tena. Inchi mbili zaidi, na kiunoni moja.

"Walipimwa wamekaa," Bi Chaki alisema. "Piga simu uulize."

Bwana Tarehe alipiga simu pale pale. Ilikuwa kweli. Karani wa hospitali, mtu mwema, aliwakuta wauguzi kwenye mkutano baada ya zamu ndefu. Aliwaonea huruma asiwasimamishe, akapita na futi kiti kwa kiti. Kielelezo kilikatwa sawasawa na fomu, na fomu ilikuwa sawasawa na watu waliokaa. Tatizo ni kwamba muuguzi havai sketi ili akae.

Wenzake walipiga meza kwa viganja kumshangilia. Yeye hakuwasikia vizuri. Anasema kwamba maneno yake mwenyewe, kaa, simama, yalikuwa yamegonga kitu, na nyuma yake alisikia sauti nyingine, ya upole, ikirudia mara tisa: lala hapo kwanza upumzike, mama. Aliteremka taratibu akaketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza.

"Wifi," alisema, "wale watu hawajawahi kunipima."

"Mihuri tisa, wifi!"

"Wamempima aliyelala. Huyo haumwi. Anayeumwa ni aliyesimama."

Jumapili alasiri alimlaza mumewe kwenye kochi, ili ajifunze kwanza kwa mtu asiye mgonjwa. Alitafuta mshipa wa shingo, akahesabu kwa saa ya simu: sitini na sita. Akamsimamisha. Sabini na nane, na baada ya dakika kumi ikawa ile ile. Kisha akalala yeye, Baba Mapacha akahesabu. Sabini na nne. Akasimama katikati ya chumba bila kushika kitu.

"Mia na mbili," alisema Baba Mapacha. Dakika ya tatu: "Mia na kumi na tisa." Dakika ya sita alihesabu, akasita, akahesabu upya. "Mia na ishirini na nane. Mke wangu, kaa."

"Endelea kuhesabu."

Dakika ya kumi ilikuwa mia na thelathini na moja. Alipokaa, mumewe alibaki amesimama, kidole bado kiko shingoni mwake, akitazama ukuta. Kisha akasema, "Nimekukosea." Bi Chaki alimjibu kwamba hilo analijua, na sasa amletee penseli na karatasi ya kaki iliyo nyuma ya mlango.

Alichora kama alivyozoea kuchora: inchi moja kwa kila dakika kwenda kulia, inchi moja kwa kila mapigo kumi kwenda juu. Mstari mmoja ni bahati, alimwambia mumewe. Hakuna anayekata kitambaa kwa kipimo kimoja. Kwa hiyo kipimo cha Jumapili kilikuwa cha kujifunzia tu, na kuanzia kesho yake walipima na kuchora kila asubuhi kabla ya kazi, siku nane. Mistari haikulingana kabisa, na pale ilipoachana aliandika pembeni kwa herufi ndogo sababu aliyoidhani: *sikunywa maji*, *joto*, *tuligombana*. Siku ya tisa, zikiwa zimebaki siku nane, aliomba ruhusa, akaiweka karatasi kwapani na kwenda hospitali.

Angeweza kwenda kwa daktari mwingine. Alichagua yule wa muhuri wa saba. Alipoulizwa sababu alisema, "Aliyekata vibaya ndiye anayefumua."

Kwenye chumba cha vipimo alimkuta muuguzi kijana ambaye sketi yake ilikuwa imeshikwa kiunoni kwa pini mbili kubwa. Muuguzi alipigapiga kitanda kwa kiganja.

"Karibu mama. Pole na safari. Lala hapo kwanza..."

"Silali."

"Mama, ni utaratibu. Upumzike kidogo."

"Nimepumzika miezi saba. Leo nipimeni nikiwa wima."

Mlango ulikuwa wazi, na foleni nzima ikainua shingo. Mzee mmoja mwenye bakora alisema, "Mwacheni, huenda kitanda kina kunguni," watu wakacheka. Muuguzi alikasirika.

"Mama, usinifundishe kazi."

"Sikufundishi, mwanangu. Nakuuliza. Sketi hiyo, ulipimwa umekaa?"

Muuguzi alishika pini zake. "Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyeikata. Nimeikata kama fomu ilivyosema, na fomu ilisema kweli, ila ilikuwa kweli ya kwenye kiti. Ukisimama inaanguka. Nami ukinipima nimelala utaandika kweli ya kitandani. Nikisimama naanguka."

Muuguzi aliangalia pini, akaangalia kitanda. Kisha akatoka, na aliporudi alikuwa na daktari.

Daktari alimtambua. Alianza kusema kuhusu foleni, lakini Bi Chaki alikuwa tayari ameitandaza karatasi juu ya kitanda, mahali alipotakiwa kulala yeye, na kukandamiza pembe zake kwa mkoba na viatu. Alimwelekeza kwa chaki: hapa nimelala, hapa nimesimama, hizi ni dakika, haya ni mapigo, hii ni siku tuliyogombana na mume wangu, na hata siku hiyo mstari haukupanda zaidi ya siku ya joto, kwa hiyo tafadhali usiniambie ni ya nyumbani. Daktari aliinama juu ya karatasi kwa muda mrefu. Muuguzi anakumbuka kwamba alifuata mstari wa tatu kwa ncha ya kidole, mwanzo hadi mwisho.

"Nani alikufundisha kufanya hivi?"

"Nyonga za wifi yangu."

Daktari aliondoa mkoba na viatu kitandani. Alimwomba alale, safari hii kwa sababu, akahesabu mapigo sabini na sita, akapima presha. Akamsimamisha katikati ya chumba, mbali na ukuta. Alivua saa yake akaishika kiganjani. Muuguzi alipima presha kila baada ya dakika mbili na kuisoma kwa sauti, nayo haikushuka. Mapigo yalipanda: mia na tano, mia na ishirini, mia na ishirini na tisa. Dakika ya saba jasho lilimtoka. Dakika ya nane magoti yalianza kucheza, na daktari akasema, "Inatosha, mama, nimeona."

"Ngapi zimebaki?"

"Mbili. Lakini si lazima."

"Usije ukasema baadaye kipimo hakikukamilika. Mwanangu, nishike mkono, usininyanyue."

Muuguzi alimshika. Pini moja ilifunguka na kuanguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kuiokota. Dakika ya kumi daktari alisema mia na thelathini na nne, na Bi Chaki akakaa kitandani juu ya mistari yake mwenyewe, karatasi ikilia chini yake.

Jina lilikuwepo. Lilikuwa refu na la kigeni, na daktari alipoliandika Bi Chaki aliomba aandike chini yake kwa lugha ambayo Bwana Tarehe angeielewa: moyo kwenda mbio kupita kiasi mtu anaposimama. Alimweleza kwamba akiwa wima, damu yake nyingi mno hubaki miguuni na tumboni, na moyo hukimbia ili kichwa kisikose. Kwamba huweza kufuata homa kama ile yake. Kwamba hakuna kidonge cha kuling'oa, lakini kuna mengi ya kulipunguza: maji mengi, chumvi zaidi maadamu presha yake inaruhusu, soksi za kubana hadi kiunoni, mazoezi yanayoanza mtu akiwa amelala, na kutosimama kwa saa nyingi. Kisha akafunga kalamu.

"Nilikuambia una mawazo."

"Ninayo," alisema Bi Chaki, akiviringisha karatasi. "Ndiyo yaliyonileta."

Nyumbani, Baba Mapacha alielewa kabla hajamaliza kuelezwa. Pampu nzima, tangi zima, alisema, ila maji yanatuama chini na pampu inajiua kuyafikisha ghorofani. "Nimeoa nyumba ya ghorofa." Wifi alifurahia habari ya chumvi, kwani kaka yake, alidai, alikuwa ameilalamikia mboga ya mkewe kwa kukosa chumvi tangu siku ya harusi.

Tarehe ishirini na sita Bi Chaki aliweka hati juu ya meza ya Bwana Tarehe. Aliisoma yote, akanakili jina la kigeni herufi kwa herufi katika ile nafasi iliyokuwa wazi, na kwa muda alionekana ametulia. Kisha akauliza alichouliza siku zote.

"Litapona lini?"

"Daktari hakuandika tarehe."

"Hapa ameandika usisimame saa nyingi. Bi Chaki, wewe ni mkataji. Mkataji hakai."

"Nani alisema?"

"Ndiyo sheria."

"Nionyeshe ilipoandikwa."

Haikuandikwa, na wote wawili walijua. Kesho yake aliingia kiwandani na stuli ndefu begani mwa mumewe. Walikuwa wameipima nyumbani usiku kucha, anasema yeye. Saa moja tu, anasema mumewe, na hapa wa kuaminiwa ni mumewe, maana ndiye aliyeshika msumeno. Miguu yake ilikatwa kwa namna kwamba akikaa, jicho lake lilikuwa juu ya kitambaa kwa kimo kile kile alichokuwa nacho akiwa amesimama. Alikaa. Mbele ya Bwana Tarehe na meza zote saba, alikata matabaka arobaini ya suruali bila kuinuka. Alipomaliza alitoa kipande cha juu kabisa na cha chini kabisa, akavilaza kimoja juu ya kingine, na kumkabidhi rula.

Bwana Tarehe alipima pande zote nne. Akapima tena.

"Ukikaa wewe," alisema hatimaye, "kesho watataka kukaa wote."

"Wakae."

Leo kuna stuli saba katika chumba kile, kila moja imekatwa kwa kimo cha mwenyewe, na mgeni akiuliza kuhusu sheria ya zamani huelekezwa kwenye meza ya dirishani. Mwenye meza hiyo ana umri wa miaka hamsini na mitatu. Ana chupa ya maji kando ya mkasi, na soksi anazozishona mwenyewe, kwa kuwa za dukani, asema, zilipimwa na mtu aliyekuwa amelala. Siku za joto bado humshinda, na zipo asubuhi ambazo hafiki kabisa. Nilipomuuliza kama moyo umetulia, alikuwa akinoa chaki kwa ukingo wa wembe na hakuinua kichwa.

"Bado unakimbia," alisema. "Ukimbie tu. Ukichoka utanikuta nimekaa, nakata."